Uvimbe wa Taya Katika Bonde la Mbu

Swali: Mtoto wa jirani yetu hapa Ifakara amevimba taya, na daktari asema ni saratani. Yaletwa na nini?

Jibu: Saratani haina sababu moja, ndugu msomaji; tumbaku, pombe na sumu ya ukungu katika mahindi na karanga zote huikaribisha. Lakini hii ya taya za watoto, ambayo tabibu Denis Burkitt aliieleza huko Kampala mwaka 1958, huonekana zaidi katika nchi za joto na mvua kama bonde lenu la Kilombero, kwa kuwa malaria ya mara kwa mara huidhoofisha kinga ya mwili mbele ya kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964, ambacho karibu sote tunacho. Haiambukizi, wala si uchawi, hata wanong'onao wakinuna. Na ikiwahiwa, aghalabu hutibika kwa dawa. Msikawie kumtibisha.