Somo la Usiku: Kuitafuta Galaksi ya Andromeda kutoka Lupiro

Shabaha. Mwisho wa somo hili mwanafunzi aweze kuitafuta galaksi ya Andromeda kwa macho yake, na kuandika kile alichokiona, wala si kile alichokisoma.

Matayarisho. Lupiro, katika bonde la Kilombero, iko nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta. Kwa hiyo Andromeda haipandi juu sana: hufika takriban nyuzi 40 upande wa kaskazini. Wakati ufaao ni mwanzoni mwa Novemba, saa nne usiku, pasipo mbalamwezi wala mawingu. Mwalimu achague mahali pa wazi, mbali na taa. Wanafunzi wavae nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na tochi ifunikwe kitambaa chekundu. Wakae gizani dakika 20 ili macho yazoee.

Hatua. Wanafunzi waelekee kaskazini na kuutafuta Mraba wa Pegasus, nyota nne zenye umbo la mraba mkubwa. Waanzie nyota ya pembe ya chini kulia, Alpheratz. Waende kulia na kushuka kidogo, wapite nyota moja hafifu, wafike kwenye Mirach. Hapo washuke, wakielekea kushoto kidogo, wapitie nyota mbili hafifu. Karibu na ile ya pili pana doa la ukungu. Lisipoonekana, wasilikazie macho. Watazame pembeni yake, kwa maana sehemu za kando za jicho hutambua nuru hafifu kuliko sehemu ya kati.

Angalizo. Hapa ndipo mwalimu hujaribiwa. Kitabu kina picha ya mikono iliyojiviringa, na mwanafunzi, kwa kutaka kumpendeza mwalimu, atasema ameiona. Asisifiwe. Al-Sufi, mtaalamu wa Uajemi, aliandika juu ya wingu dogo mwaka 964. Umbo la mikono lilidhihirika katika picha aliyoipiga Isaac Roberts, huko Uingereza, mwaka 1888. Basi anayeandika "doa la ukungu, refu kidogo" ameona sawasawa. Anayeandika "sikuona kitu" naye amesema kweli, aelekezwe tena.

Tathmini. Kesho yake picha ionyeshwe, lakini madaftari yasisahihishwe kuifuata. Mwalimu aulize: Kwa nini picha huonyesha zaidi ya jicho? Wanafunzi waongozwe kutambua kwamba kamera hukusanya nuru kwa muda mrefu, na jicho haliwezi. Mwisho waelezwe kuwa nuru waliyoiona ilisafiri miaka kama milioni 2.5 kabla ya kufika Lupiro.