Mzigo, Taya na Gegedu: Tatizo la Neno Moja katika Kiswahili cha Tiba

Utangulizi

Katika vitongoji vya magharibi mwa Nairobi, kama vile Kawangware na Kangemi, mahindi ya kuchoma na vipande vya miwa ni vyakula vya kila siku barabarani. Miraa nayo huuzwa vibandani, na walaji wake huitafuna kwa saa nyingi mfululizo. Kazi hii yote huishia mbele kidogo ya sikio, mahali taya la chini linapokutana na fuvu. Kiungo hicho kinapougua, mgonjwa husema kwamba taya linalia, linakwama au linamuuma akipiga mwayo. Daktari anayemsikiliza amesomea taaluma yake kwa Kiingereza, na hulazimika kumweleza kwa Kiswahili jinsi nguvu za kutafuna zinavyoathiri gegedu la kiungo.

Maelezo hayo kwa kawaida huegemea neno "mzigo". Makala haya yanaeleza jinsi mzigo unavyoliathiri gegedu la taya, kisha yanaonyesha kwamba neno hilo likiachwa peke yake humpa mgonjwa nusu tu ya ukweli.

Muundo wa kiungo cha taya

Kiungo cha taya kina sehemu kuu tatu: kichwa cha taya la chini, kishimo cha fuvu kinachokipokea kichwa hicho, na kisahani cha nyuzinyuzi kilicho kati yao. Mdomo unapofunguliwa, kichwa cha taya huzunguka kwanza, kisha huteleza mbele pamoja na kisahani chake. Kisahani kikitoka mahali pake, mlio husikika. Hata hivyo, si kila mlio ni ugonjwa.

Gegedu la kiungo hiki hutofautiana na lile la goti. Uso wake umefunikwa kwa tishu yenye nyuzi nyingi za kolajeni, ambazo huhimili vyema nguvu za kuvuta na kusugua. Gegedu halina mishipa ya damu. Seli zake hupata chakula kutoka kwa ute wa kiungo: gegedu likibanwa, maji hutoka, likiachiliwa, maji hurudi pamoja na virutubishi. Kwa hiyo mbano na mwachilio ndio unaolilisha gegedu.

Jinsi mzigo unavyofika kiungoni

Taya hufanya kazi kama koleo la kushikia makaa. Egemeo lipo mwishoni, yaani kiungoni. Nguvu ya misuli ipo katikati. Na chakula kipo upande wa mbele. Kutokana na mpangilio huu, nguvu ya misuli haiishii yote kwenye chakula. Sehemu yake hurudi kiungoni. Kadiri mtu anavyong'ata kwa meno ya mbele, ndivyo kiungo kinavyobeba zaidi kwa nguvu ileile ya kung'ata. Anayemenya muwa kwa meno ya mbele hukitwisha kiungo kuliko anayetafuna kipande kilichokwisha kumenywa.

Aidha, mtu anapotafuna upande mmoja, kiungo cha upande wa pili ndicho ambacho kwa kawaida hubeba zaidi. Mgonjwa anayetafunia kushoto na kuumwa kulia hajakosea katika maelezo yake.

Mzigo mdogo, wa wastani na uliopita kiasi

Majaribio ya wanyama yameonyesha mara nyingi kwamba panya wachanga wanaolishwa chakula laini huwa na gegedu jembamba la kichwa cha taya kuliko wenzao wanaokula chakula kigumu. Gegedu lisilofanyishwa kazi hudhoofika. Mzigo wa wastani unaokuja na kuondoka huzichochea seli kutengeneza kolajeni na molekuli zinazoshika maji.

Mzigo uliopita kiasi, au ule usioondoka, huleta kinyume chake. Mtu anayekaza meno kwa muda mrefu au kuyasaga usingizini hulibana gegedu bila kulipa nafasi ya kurudisha maji. Ute hupoteza sehemu ya ulaini wake na msuguano huongezeka. Seli huanza kutoa vimeng'enya vinavyovunja kolajeni iliyojengwa, na hatimaye mfupa ulio chini hubadilika umbo.

Ushahidi wa Makumbusho ya Taifa

Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo makao yake yako karibu na katikati ya jiji la Nairobi, yanahifadhi fuvu la KNM-ER 406, lililopatikana mwaka 1969 mashariki mwa Ziwa Turkana. Fuvu hilo ni la Paranthropus boisei na lina umri wa miaka milioni 1.7 hivi. Utosini lina ukingo wa mfupa ulioshikilia misuli ya kutafuna, na mifupa ya mashavu imetanuka mno. Gegedu lenyewe halikusalia, lakini mifupa inashuhudia ukubwa wa kazi iliyofanywa na taya.

Kwa muda mrefu kiumbe huyu alidhaniwa kuwa mvunjaji wa kokwa ngumu. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake walichapisha uchunguzi wa kaboni katika meno yake kutoka Kenya, wakaonyesha kwamba asilimia 77 hivi ya chakula chake ilitokana na mimea ya kundi la nyasi za nchi za joto na ndago. Yaelekea taya hilo kubwa lilihusiana na kusaga kwa kurudiarudia kuliko kuvunja kwa nguvu za mara moja. Basi mzigo wa taya haupimwi kwa uzito peke yake.

Tatizo la neno "mzigo"

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mzigo hubebwa, huelemea na hutuliwa. Methali isemayo "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi" huupima kwa uzito tu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba taya lake "lina mzigo" huelewa kwamba dawa ni kuutua wote. Akila uji kwa miezi kadhaa kwa hofu ya kutafuna, ataliondolea gegedu kichocheo linachokihitaji. Ushauri wa kawaida ni vyakula laini kwa muda mfupi, kuacha kukaza meno, kisha kurejea kutafuna hatua kwa hatua.

Suluhisho si kulitupa neno, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika fizikia ya shuleni. Inafaa liambatanishwe na sifa tatu: kiasi, muda na mapumziko. "Mzigo mwingi", "mzigo wa muda mrefu" na "mzigo usio na mapumziko" ni mambo matatu tofauti kwa gegedu, na Kiswahili kinayatofautisha bila kukopa neno lolote.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Matakwa hayo hayatimizwi kwa kutafsiri neno kwa neno. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusudia kuwa mkalimani au mfasiri wa tiba hana budi kuelewa jinsi gegedu linavyofanya kazi kabla ya kuliteulia istilahi. Akikosea, mgonjwa ataelewa kila neno aliloambiwa, na bado atakwenda nyumbani kulidhoofisha taya lake.