Ayuba bin Suleiman: Muuzaji Aliyeuzwa

Ndugu msomaji, yawezekana umefundishwa kwamba Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki kupelekwa utumwani walikuwa watu wasiojua kusoma wala kuandika, wasio na kitabu wala ibada. Maneno hayo yalienezwa sana na wale waliofaidika na biashara ile, maana ni rahisi kumtia mtu minyororo ukiisha kusadiki ya kuwa hakuwa na kitu cha kupoteza. Historia inawakanusha. Leo nakuomba ufuatane nami katika habari za mtu mmoja, wala usiharakishe kumhurumia au kumhukumu mpaka uzisikie zote.

Tangu mwanzo wa karne ya 16 hata mwaka 1866, watu wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni katika pwani za Afrika. Waliofika ng'ambo wakiwa hai ni kama milioni 10 na laki 7. Wengi walipelekwa Brazil na visiwa vya Karibi kulima miwa. Kama laki 4 hivi walishushwa Amerika ya Kaskazini, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wa nchi za mito ya Senegal na Gambia.

Mmoja wao ni Ayuba bin Suleiman Diallo, Mfulani aliyezaliwa Bundu yapata mwaka 1701. Baba yake alikuwa imamu, naye Ayuba alikuwa ameihifadhi Kurani Tukufu yote alipokuwa kijana wa miaka 15. Mwanzoni mwa mwaka 1731 baba yake alisikia ya kuwa merikebu ya Kiingereza imetia nanga katika mto Gambia. Akamtuma mwanawe kwenda kununua karatasi na mahitaji mengine. Na bei ya karatasi hizo ilikuwa nini? Watu wawili, ambao Ayuba alikwenda nao ili awauze.

Nahodha wa merikebu, jina lake Pike, hakupatana naye bei. Ayuba akavuka mto, ingawa baba yake alikuwa amemwonya asiingie nchi ya Wamandinka, akawabadilisha wale wawili kwa ng'ombe. Akiwa njiani kurudi alipumzika nyumbani kwa rafiki yake, akatungika silaha zake ukutani. Wanyang'anyi wakaingia kwa mlango wa nyuma, wakamkamata yeye na mkalimani wake, Lamin Njai. Waliwanyoa vichwa na ndevu ili waonekane kuwa ni mateka wa vita, kisha wakawapeleka kuuzwa kwa Nahodha Pike yule yule! Pike alimtambua, akamruhusu kumwarifu baba yake. Mzee alituma watumwa kadhaa wawe fidia ya mwanawe, lakini merikebu ilikuwa imekwisha kung'oa nanga.

Ayuba aliuzwa Maryland kwa mwenye shamba la tumbaku. Kazi ilipomshinda alipewa kuchunga ng'ombe. Alikuwa akijitenga msituni kusali, na kijana mmoja wa Kizungu alimfuata mara kwa mara, akamdhihaki na kumtupia uchafu usoni wakati wa sala. Akatoroka, akakamatwa, akatiwa gerezani. Huko alionwa na mwanasheria Thomas Bluett. Hakuna aliyeijua lugha yake. Lakini aliandika mistari miwili mitatu, akaisoma, na katika kusoma wakasikia majina ya Allah na Muhammad. Alipopewa mvinyo aliukataa. Hapo ndipo walipomjua kuwa ni Mwislamu na mtu wa elimu.

Alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Barua ile ilifika London mikononi mwa James Oglethorpe, ikapelekwa Oxford kufasiriwa, naye Oglethorpe akaweka dhamana ya pauni 45 ili mwandishi wake anunuliwe. Ajabu ni kwamba bwana huyu alikuwa mkubwa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, kampuni iliyokuwa ikifanya biashara ya watumwa. Mwaka 1733 Ayuba alikuwa Uingereza, ambako aliiandika Kurani nzima mara tatu kwa kumbukumbu tu. Picha aliyochorwa mwaka ule na William Hoare inamwonyesha amevaa kilemba na joho jeupe, msahafu ukining'inia shingoni.

Yafaa uzijue pia sheria za makoloni yale. Mwaka 1662 Virginia, jirani ya Maryland, ilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Basi bwana aliyezaa na mjakazi wake aliweza kummiliki mwanawe mwenyewe na kumwuza. Mwaka 1667 ikaamuliwa ya kuwa ubatizo haumtoi mtumwa katika utumwa.

Agosti 1734 Ayuba alirudi Gambia. Francis Moore, karani wa Kampuni, anasimulia kwamba walipata habari za mfalme ambaye watu wake ndio waliomkamata Ayuba: miongoni mwa vitu alivyolipwa na Nahodha Pike ilikuwamo bastola, nayo ilimfyatukia ikamwua. Ayuba alipiga magoti akamshukuru Mungu. Lakini Moore huyo huyo anaandika ya kuwa Ayuba, kwa bidhaa alizokuja nazo, alinunua farasi wawili na mwanamke mtumwa.

Hapa mwenye kuuchunguza Uislamu ataniuliza: Je, hivi ndivyo dini yenu inavyofundisha? Sitakuficha kitu. Kurani Tukufu inamtaja mateka wa vita tu, na hata huyo yaagizwa aachwe kwa hisani au kwa fidia. Katika Sura Al-Balad kumwacha mtumwa huru kumefananishwa na kupanda njia ngumu ya mlimani. Katika Sura At-Tauba fungu la zaka limewekwa kwa kazi hiyo. Na katika Sura An-Nur mtumwa atakaye hati ya kujikomboa apewe, tena asaidiwe kwa mali. Na Mtume Mtukufu s.a.w. ameeleza kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshtaki wa mtu aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Ayuba aliyahifadhi maneno ya Kitabu hiki tangu utotoni. Aliyahifadhi, akaenda mtoni na watu wawili. Wala sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusafiri mpaka Gambia kutafuta mfano: soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, na wengi waliouza na kununua humo walikuwa watu wa msikitini.

Baba yake Ayuba alikwisha kufariki, ingawa kabla ya kufa alipata barua za kumwarifu kwamba mwanawe yu huru. Lamin Njai alibaki Maryland, akakombolewa na kurudishwa kwao miaka michache baadaye. Bluett aliandika kitabu cha maisha ya Ayuba mwaka 1734. Majina ya wale wawili waliobadilishwa kwa ng'ombe hayamo.