Ubongo Unapouchapa Moyo Uliochoka

Swali: Daktari, moyo hupiga kwa amri ya ubongo?

Jibu: Hapana, hupiga wenyewe. Ndani ya chemba ya juu ya kulia kuna seli zinazozalisha umeme, na zikiachwa peke yake huupigisha moyo wa mtu mzima karibu mara 100 kwa dakika. Ndiyo maana moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, huenda haraka hata mgonjwa akiwa amepumzika. Ubongo huongoza mwendo tu: neva ya vagasi hupunguza, neva za simpathetiki huongeza.

Swali: Moyo ukidhoofika, ubongo hufanya nini?

Jibu: Hapa ndipo penye hatari ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi. Katika kuta za mishipa mikubwa ya damu, shingoni na kifuani, kuna vihisio vya shinikizo. Moyo dhaifu ukisukuma damu kidogo, vihisio hupeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo hulichukulia jambo hilo kama vile mtu anavuja damu. Hapo vagasi hutulizwa na simpathetiki huamshwa. Mapigo hupanda, mishipa ya damu hujibana, figo huzuia chumvi na maji.

Kwa aliyejeruhiwa, hatua hizo huokoa maisha. Kwa mwenye moyo dhaifu ni kumchapa punda aliyekwisha kuchoka. Maji yaliyozuiwa huvimbisha miguu na kuingia mapafuni, moyo husukuma dhidi ya mishipa iliyobana, na noradrenalini, kemikali inayomwagwa na neva za simpathetiki, huua seli za misuli ya moyo kidogo kidogo. Mwaka 1984 Jay Cohn na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kadiri noradrenalini inavyozidi katika damu ya wagonjwa hawa, ndivyo uwezekano wa kufa unavyoongezeka.

Swali: Mama ana moyo dhaifu, naye amepewa bisoprololi ya kupunguza mapigo. Si kumdhoofisha zaidi?

Jibu: Hofu yako waliwahi kuwa nayo madaktari wenyewe. Kwa miaka mingi dawa za kundi hili zilikatazwa kwa wagonjwa kama mama. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake, mjini Gothenburg, Sweden, waliwapa wagonjwa 7 dawa hizo wakapata nafuu, lakini wengi hawakuamini. Mwaka 1999 utafiti wa CIBIS-II, wenye wagonjwa 2,647, ulionyesha kwamba bisoprololi ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Huukinga moyo na mchapo wa ubongo.

Huanzwa kwa dozi ndogo, ikaongezwa taratibu. Wiki za mwanzo mama anaweza kujisikia mchovu. Mwambieni daktari, lakini msiikatishe ghafla. Kama ana pumu, daktari ajue kabla.

Swali: Mbona baba, mwenye kisukari, alipata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua?

Jibu: Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu neva, zikiwemo zinazopeleka maumivu ya moyo kwenye ubongo. Moyo huumia, ubongo usipate habari. Mwenye kisukari akiishiwa pumzi ghafla, akitokwa jasho jingi au akipata kichefuchefu na uchovu usioeleweka, msingoje maumivu. Mpelekeni hospitali wakati huo huo, apimwe umeme wa moyo.