MAGOTI YENYE KUUMA NA KUPASULIWA TUMBO: ULIZA KWANZA HABARI YA VIDONGE



Wako watu wengi kati yetu ambao asubuhi wanaamka na goti kavu. Kupanda ngazi ni shida, kuchuchumaa ni shida, na uzito nao umeongezeka. Wakisikia ya kama huko Afrika Kusini, India ao Ubelgiji wanganga wanapasua mtu mnene na kupunguza tumbo lake, wanauliza: «Na mimi nikipasuliwa, magoti yatapona?»

Jibu ni hili: kupasuliwa kunaweza kulipunguzia goti mzigo mkubwa. Lakini kunaweza pia kukukataza, kwa maisha yako yote, vidonge vilevile unavyomeza kila siku kwa ajili ya maumivu. Basi fahamu jambo hilo mbele ya kusafiri, siyo nyuma.

1. Goti linaharibika namna gani?

Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa na mfupa mwororo wenye kuteleza. Kazi ya kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba vitu vizito miaka mingi inaumaliza mbio. Huko Uingereza, tangu mwaka 2009, ugonjwa huu umeandikwa katika magonjwa yenye kuletwa na kazi, kwa wachimbaji wa makaa waliofanya miaka 10 ao zaidi chini ya udongo.

Uzito wa mwili unazidisha taabu. Wenye elimu walipima, wakaona ya kama kilo 1 ya mwili ikipungua, goti linapunguziwa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Ukipunguza kilo 12, ni karibu sawa na kutua mfuko wa sementi wa kilo 50, hatua kwa hatua, mchana kutwa.

Lakini siyo kila maumivu ya viungo ni ugonjwa huo. Kuna rumatizimu yenye kuvimbisha vidole na viungo vingi, na kuna guti, yenye kushika mara nyingi kidole kikubwa cha mguu usiku. Kila moja ina dawa yake. Munganga atambue kwanza yako ni gani.

2. Wanapasua nini?

Njia mbili ndizo zenye kufanywa sana. Ya kwanza: wanakata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, karibu robo tatu ao zaidi, na kuacha mfereji mwembamba. Ya pili: wanatengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kiisha wanakiunga na utumbo, chakula kipite pembeni. Njia zote mbili zinamfanya mtu ashibe mbio.

Kazi hiyo siyo ya kila mtu mwenye kitambi. Piga hesabu: gawanya kilo zako kwa urefu wako mara urefu wako. Mtu wa metre 1,70 mwenye kilo 112: 1,70 mara 1,70 ni 2,89, kilo 112 gawanya kwa 2,89 ni karibu 39. Tangu mwaka 2022, wapasuaji wa kazi hii wanashauri kuanzia 35. Kati ya 30 na 35, wanaweza kufikiri juu yake kwa mtu mwenye ugonjwa kama ule wa sukari.

3. Habari ya vidonge

Hapa ndipo hatari kubwa. Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na aspirini vinatuliza viungo, lakini vinakwaruza tumbo. Kwa mtu aliyepasuliwa kwa njia ya pili, vinaweza kuleta kidonda pale walipounga. Kidonda hicho kinaweza kutoa damu, hata kutoboka. Kwa hiyo vidonge hivyo anakatazwa kabisa. Kwa njia ya kwanza hatari ni ndogo kidogo, lakini hata hapo munganga ndiye mwenye kuamua. Kwa mtu wa viungo, ni sababu moja ya kuchagua njia vizuri.

Fikiri sasa: umerudi nyumbani, goti linauma, na kwenye soko wanauzisha diklofenaki kama pipi. Muuzaji hajui ya kama umepasuliwa. Ni wewe na bibi yako ao bwana yako wenye kujua. Parasetamoli inakubaliwa, kwa kipimo cha munganga. Sigara pia inaleta kidonda hicho: iache.

Mwenye kutumia kortizoni ao dawa nyingine ya rumatizimu, asiikatishe peke yake. Aiseme kwa mpasuaji, na wanganga wawili wapatane.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ao tumbo likikushika ghafula kwa nguvu, enda lopitali siku ileile.

4. Mambo mengine ya maisha yote

Tumbo dogo linapokea kidogo. Anza sahani kwa samaki, mayai, maharagwe ao nyama laini, bukari ifuate. Vitamini, chuma na kalsiyumu utameza kila siku, na damu itapimwa kila mwaka. Pasipo hivyo mifupa inalegea na damu inapungua: utakuwa umeokoa magoti na kuharibu mifupa yote.

Mwenye guti ajue ya kama kupungua mbio kunaweza kumwamsha adui huyo katika majuma ya kwanza. Na mama aliyepasuliwa angoje mwaka mmoja ao mwaka na nusu mbele ya kubeba mimba.

5. Anza leo, hata bila kisu

Huko Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulifuata watu wa magoti miezi 18. Wale waliopunguza chakula na kufanya mazoezi pamoja waliumia kidogo kuliko wale wa mazoezi peke yake.

Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikiwa na nguvu, inasaidia goti kubeba. Punguza mafuta ndani ya sombe, punguza sukari na bia. Kazini, tumia vitambaa vya kulinda magoti, na mzigo mzito ubebwe na watu wawili.

MASWALI YA KUPELEKA KWA MUNGANGA

– Viungo vyangu vina ugonjwa gani?
– Nitapasuliwa kwa njia gani, na sababu gani hiyo?
– Vidonge gani vya maumivu nitakatazwa, na nitatumia nini pahali pake?
– Nikirudi, nani atanifuata na kupima damu yangu?
– Vitamini zitapatikana wapi, na kwa franga ngapi kila mwezi?

Kama swali la tatu na la nne hayana jibu, ngoja kwanza. Kata ukurasa huu, uuweke pamoja na karatasi zako za lopitali, na uusome pamoja na jamaa yako.