Kusimamia zahanati ni elimu, si uaminifu peke yake

BAADA ya Swala ya Isha katika msikiti mmoja hapa jijini, Waislamu walikaa kuchagua kamati ya kusimamia zahanati wanayokusudia kuifungua. Jengo limekamilika, vitanda vimeshachangiwa, kilichobaki ni majina. Mzee mmoja akapendekezwa kwa kuwa hakosi Swala ya Alfajiri. Mwingine akapendekezwa kwa kuwa alitoa mifuko mia moja ya saruji. Wa tatu kwa kuwa mwanawe ni daktari. Na mimi nikapendekezwa kwa kuwa ni ustadh na nina shahada ya chuo kikuu. Ikapigwa takbira, kikao kikafungwa kwa dua.

Niliwaomba wanipe muda kabla sijaikubali nafasi ile. Makala haya ndiyo jibu langu kwao, na kwa kila Muislamu ambaye msikiti wake una zahanati au unakusudia kuwa nayo.

Hakuna aliyeiba

Ndugu msomaji, naomba nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katibu wa bodi ya zahanati moja ya Waislamu. Nilichaguliwa kwa namna hii hii. Wajumbe wote tulikuwa watu wa msikitini. Tulikutana kila baada ya miezi mitatu, tukasoma dua, tukasikiliza taarifa ya mganga mfawidhi, tukamshukuru, tukatawanyika. Ilipotimia miaka minne, zahanati ile ilifungwa.

Hakuna aliyeiba. Hili nataka lieleweke vizuri. Tulipomleta mhasibu kutoka nje apekue mahesabu, hakukuta shilingi iliyoingia mfukoni mwa mtu. Alichokikuta ni hiki. Stoo kulikuwa na maboksi ya dawa zilizokwisha muda wake. Mzigo mpya ulikuwa ukitolewa kwanza na wa zamani ukabaki nyuma mpaka ukaharibika, na mpya ulipokwisha wagonjwa wakaandikiwa dawa hizo hizo wakanunue nje. Madai ya Bima ya Afya ya miezi kadhaa yalikuwa yamekatwa au kurudishwa, kwa sababu fomu nyingine hazikuwa na saini ya mgonjwa na nyingine ziliandikwa dawa isiyoruhusiwa katika ngazi ya zahanati. Fomu hizo zilikaa kwenye droo bila ya mtu kuzirekebisha. Wauguzi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mitatu. Zaka, sadaka na malipo ya wagonjwa vyote viliingia katika akaunti moja, ikawa haijulikani ipi ni haki ya maskini na ipi ni ya kulipia umeme.

Taarifa za fedha tulikuwa tukipewa kila kikao. Nilizipokea, nikaziweka kwenye faili bila ya kuzielewa, na niliona haya kuuliza. Mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi wao.

Katika siku za mwisho alikuja mama mmoja na mtoto mwenye homa kali. Vipimo vya malaria vilikuwa vimekwisha, akaambiwa aende hospitali ya wilaya. Mama yule alikuwa akitia chochote alichonacho katika sanduku la zahanati kila Ijumaa. Aliniuliza: "Ustadh, ile pesa yetu imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Ninaamini nitaulizwa swali hilo tena mbele ya Mwenyezi Mungu (S.W.T).

Nguvu na uaminifu

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, Qur'an inatusimulia jinsi binti wa yule mzee wa Madian alivyomshauri baba yake amuajiri Nabii Musa (a.s). Alitaja sifa mbili: kwamba ni mwenye nguvu na ni mwaminifu. Hakutosheka na moja. Katika Suratu Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s) alipoomba kusimamia hazina za Misri, naye alitaja mambo mawili: kwamba ni mhifadhi na kwamba ana elimu ya kazi hiyo. Kila kazi ina nguvu yake. Nguvu ya mchunga mifugo ni mwili, nguvu ya msimamizi wa hazina ni elimu ya hazina. Nguvu ya mjumbe wa bodi ya zahanati ni kujua zahanati inavyoendeshwa.

Tazama vilevile Sira ya Mtume (s.a.w). Abu Dharr (r.a) ni katika masahaba wakweli na wacha Mungu. Alipoomba apewe uongozi, Mtume (s.a.w) alimwambia waziwazi kuwa yeye ni dhaifu katika jambo hilo na kwamba uongozi ni amana, na akamkataza hata kusimamia mali ya yatima. Hadithi hii imepokewa na Imam Muslim. Kwa upande mwingine, katika mwaka wa 8 Hijria, Amr bin Al-As (r.a) alikuwa na miezi michache tu tangu asilimu. Mtume (s.a.w) akamfanya amiri wa msafara wa Dhatu Salasil, na katika jeshi lililopelekwa kumuongezea nguvu walikuwemo Abubakar na Umar (r.a). Hakuna anayesema kuwa Amr alikuwa mbora wao kwa ucha Mungu. Alikuwa na ujuzi wa vita na wa makabila ya eneo lile.

Ipo pia hadithi katika Sunan ya Abu Daud inayomfanya mtu anayetibu watu bila ya kujulikana kuwa na elimu ya tiba abebe dhamana ya madhara anayoyasababisha. Sasa tujiulize: ikiwa anayechoma sindano bila ya elimu ana dhamana, je, sisi ambao kwa kutojua kwetu dawa zimeoza stoo na mtoto mwenye homa akarudishwa mlangoni, hatuna dhamana yoyote?

Wema waliotangulia walikuwa na utaratibu

Huduma ya afya si jambo geni katika Uislamu. Rufaida Al-Aslamiya (r.a) alikuwa na hema la kutibia majeruhi karibu na msikiti wa Mtume mjini Madina, na humo aliuguzwa Saad bin Muadh (r.a) baada ya vita vya Khandaq. Baadaye zikaja hospitali kubwa. Sultani Nurud-Din Zangi alijenga hospitali mjini Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga ya kwake mjini Cairo mwaka 1284. Hospitali hizi ziliwahudumia watu kwa karne nyingi baada ya waanzilishi wake kufariki.

Siri yake ilikuwa ni waqfu wenye hati, nadhiri na hesabu. Mali iliwekwa wakfu, na hati ikaeleza mapato yatumike kwa nini. Nadhiri, yaani msimamizi, aliwekwa kwa kazi hiyo na akawa na wajibu wa kutoa hesabu. Msingi huu unatokana na waqfu wa Umar bin Al-Khattab (r.a) wa ardhi ya Khaibar, ambao masharti yake yalimruhusu msimamizi kula kutokana nayo kwa wema bila ya kujilimbikizia. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kumlipa meneja wa zahanati ni kuharibu thawabu wajue kuwa Umar (r.a) alilitazama jambo hili kabla yetu.

Mafunzo ya nini hasa?

Ninaposema mafunzo ya uongozi sikusudii semina ya siku moja yenye chakula cha mchana na picha ya pamoja. Nakusudia mambo matano ambayo kila mjumbe wa bodi anatakiwa ayajue kabla hajakalia kiti.

Kwanza, stoo ya dawa. Mjumbe si lazima awe mfamasia, lakini ajue kwamba dawa inayokwisha muda mapema ndiyo inayotoka mapema, kwamba kila dawa ina kadi yake ya kuingia na kutoka, na kwamba kuna kiwango ambacho ikifika ni lazima kuagiza tena. Akijua hayo ataingia stoo, atashika kadi moja, atahesabu maboksi na atajua kama anaambiwa kweli.

Pili, hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati inapata wagonjwa 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla 520. Mishahara, kodi, umeme na ulinzi ni shilingi 3,640,000 kwa mwezi, wapatikane wagonjwa wasipatikane. Dawa na vifaa vya kila mgonjwa ni shilingi 4,000. Kamati kwa huruma ikapanga kila mgonjwa alipe 8,000. Kila mgonjwa ataacha 4,000, na wote 520 wataacha 2,080,000. Upungufu ni shilingi 1,560,000 kila mwezi. Mjumbe anayejua hesabu hii ataona njia tatu: ama wagonjwa wafike 35 kwa siku, ama bei ipande hadi 11,000, ama Waislamu wachangie ule upungufu kwa makusudi na wajue kuwa wanachangia. Asiyeijua ataomba dua mpaka siku wauguzi watakapogoma. Dua ni silaha ya Muumini, lakini ngamia hufungwa kwanza.

Katika mlango huu wa hesabu inaingia zaka. Wanaostahiki zaka wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Zaka ya kumtibia maskini iwe na daftari lake na akaunti yake, ili isije ikalipia rangi ya ukuta.

Tatu, bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Maana yake ni kwamba wagonjwa wanaolipa kwa kadi watazidi kuongezeka kadiri sheria hiyo inavyotekelezwa. Zahanati isiyojua kujaza madai, kuyawasilisha kwa wakati na kufuatilia yaliyokatwa itatibu watu wengi na kufilisika haraka.

Nne, watumishi. Mkataba wa maandishi, mshahara kwa tarehe inayojulikana, na kumpima mtu kwa kazi yake. Muuguzi Muislamu anayevumilia miezi mitatu bila ya mshahara kwa kuambiwa atapata thawabu anadhulumiwa, na sisi tunafundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Tano, mipaka. Kazi ya bodi ni kupanga, kuhoji na kukagua. Kazi ya mganga mfawidhi ni kuendesha. Mjumbe anapompigia simu mganga amtibu shemeji yake bure, au mwenyekiti anapotaka dawa zinunuliwe katika duka la mdogo wake, mpaka umevunjwa. Kisa cha mkusanya zaka aliyerudi Madina akidai kuwa sehemu ya mali aliyokuja nayo ni zawadi yake, na jinsi Mtume (s.a.w) alivyomkemea juu ya mimbari, kiko katika Bukhari na Muslim. Kisomwe katika kila kikao cha kwanza cha bodi.

Tukipewa, tutapokea na nini?

Kwa miaka mingi Waislamu wa Tanzania tumekuwa tukiuhoji ule Mkataba wa Maelewano wa mwaka 1992, maarufu kama MoU, baina ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya. Kuhoji ni haki yetu na mimi ni katika wanaohoji. Lakini tuambizane ukweli. Lau kesho asubuhi Serikali itatuita na kusema leteni zahanati zenu tuzisaidie, leteni hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na orodha ya watumishi na mikataba yao, ni misikiti mingapi itakayopeleka faili lililokamilika? Wakati Serikali ilipovipima vituo vya afya kwa nyota mwaka 2015/16, miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa ni uendeshaji wa kituo na matumizi ya takwimu katika kupanga. Ukuta mzuri na marumaru havikutosha.

Tufanye nini?

Rai yangu ni hii. Msikiti wowote usimkabidhi mtu ujumbe wa bodi ya zahanati mpaka apitie mafunzo, hata kama ni ya Jumamosi sita mfululizo katika darasa la madrasa. Walimu tunao. Katika safu zetu za Swala wapo wahasibu wastaafu, wafamasia, maofisa wa bima na wauguzi wakuu, na wengi wao ni akina mama ambao hatuwaulizi kitu zaidi ya kupika siku ya Maulidi. Waingie katika bodi. Yule mama wa sanduku angekuwa mjumbe, lile swali lake tungelisikia mwaka wa kwanza.

Kwa mameneja wenyewe, Chuo Kikuu cha Mzumbe kinafundisha usimamizi wa mifumo ya afya, na Arusha kuna kituo cha CEDHA kinachowaendeleza wafanyakazi wa afya. Jamaa wachangie ada ya kijana mmoja akasome, kama wanavyochangia zulia. Misikiti yenye zahanati katika mji mmoja ikae pamoja, iajiri mhasibu mmoja wa kuzizungukia zote na iagize dawa kwa pamoja.

Nawajibu sasa ndugu zangu wa kile kikao. Nitakubali kuwa mjumbe kwa sharti kwamba sote, yule mzee wa Alfajiri, mwenye saruji, baba wa daktari na mimi, tukae darasani kwanza. Na siku ya kufungua zahanati, hesabu zianze kubandikwa mlangoni kila mwezi, ili mama yeyote anayetia mia tano yake asome imekwenda wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye nguvu na uaminifu katika amana za Waislamu. Wallahu a'lam.