Kabla ya Rimu, Breki

Mdogo wangu, sogea hapa karibu na dada yako, na leo usininunie. Najua umeguna ulipoona kichwa cha habari. Umeguna kwa sababu rimu umeshazinunua, ziko chini ya kitanda zimeviringishwa kwenye blanketi, na mkeo umemwambia ni za rafiki yako. Si wewe peke yako. Mnaoniandikia mambo haya kutoka Tarime na Mugumu mko wengi, na kila mmoja anadhani siri hiyo ni yake tu.

Kupenda gari kongwe si kosa. Wapo wanaomaliza hela yao baa za Sirari mpaka kunakucha, na wewe unaimalizia kwenye spana na msasa. Hilo ni penzi jema. Na Mark II GX100 ni gari la kupendwa kweli. Ilitoka mwaka 1996, GX110 ikaipokea mwaka 2000, na jina la Mark II likakoma mwaka 2004 Mark X iliposhika nafasi yake. Nyingi mlizonazo zina injini ya 1G-FE, lita mbili, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na nguvu yake inakwenda magurudumu ya nyuma. Ikiwa nzima, ukiiacha kwenye silensa unaweza kudhani imezima.

Lakini hebu ihesabie umri. Iliyoundwa mwaka 1997 ina mpira wa bushi, hozi za maji na mabomba ya breki ambavyo, kama havijabadilishwa, vimeshazeeka kuliko vijana wengi wanaoliendesha. Wewe unalivalisha viatu vipya na magoti yanauma. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na kila ninapoona sedani imeshushwa mpaka bampa inalamba lami, breki zake zinalia kama mbuzi wa mnada, moyo wangu hushtuka. Hushtuka kwa sababu yalishatufika.

Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa na gari kama lako. Fundi mmoja akamkatia springi kwa msumeno ili likae chini. Likakaa chini kweli, likapendeza, mtaa mzima ukamsifia. Kisha tukapata msiba Mugumu. Tukapita njia ya Nyamongo, enzi hizo ni kokoto na matope, mvua imenyesha, mama yetu amekaa kiti cha nyuma. Jiwe moja tu likagonga sampu. Taa nyekundu yenye umbo la birika ikawaka kwenye dashibodi, ndugu yangu akasema tusogee kidogo hadi kwenye nyumba za watu. Hatukufika. Oili ilikuwa imeisha yote na injini ikashika. Tulilala pale garini, mama amejifunga kanga kichwani, hasemi neno. Kesho yake mchana tulipofika, walikuwa wameshazika. Ndugu yangu alinunua injini nyingine baadaye, lakini kimya cha mama usiku ule hakikuwa na spea.

Kwa hiyo nisikilize. Springi haikatwi. Imetengenezwa na urefu wake na mkao wake, na ukiikata shokapu inafanya kazi kwenye nafasi isiyo yake, inagonga, inakufa mapema, na gari linarukaruka kwenye kona. Ukitaka kushusha, nunua springi fupi zilizoundwa kuwa fupi, na shokapu zinazoendana nazo. Lakini nakuuliza kama dada: unashusha uende wapi? Lami ya Tarime kwenda Sirari au kuteremkia Daraja la Kirumi itakuvumilia. Kwenu ndani ya kata je, kwa baba na mama? Gari lisilofika kwa wazazi wako mvua ikinyesha litakutenga nao.

Rimu zako za inchi 18 zinataka tairi lenye ukuta mwembamba, na ukuta mwembamba hauna kinga dhidi ya shimo. Rimu inapinda, usukani unatetemeka, unaanza kulaumu fundi. Nyingi ya GX100 zilikuja na inchi 15. Ukipanda hadi 16, au 17 ukiwa mwangalifu, na mzunguko wa tairi zima ukabaki kama wa awali ili spidi unayosoma iwe ya kweli, umependeza vya kutosha. Na tairi la mtumba usilinunue kwa kuangalia kashata peke yake. Ubavuni pana tarakimu nne, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka kumi linaweza kuwa na kashata nzuri na lisiwe na uhai.

Halafu kuna hili la kung'oa themostati, ambalo wengi mmeshafanyiwa na fundi bila kuulizwa. Gari linachemsha, fundi anatoa themostati, joto linashuka, mnashikana mikono. Ugonjwa haujapona. Rejeta bado imeziba kwa kutu ya maji ya bomba uliyokuwa unamimina, na sasa asubuhi za baridi za Tarime injini haipati joto lake, inakunywa mafuta kupita kiasi. Safisha rejeta, weka kulanti, rudisha themostati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na gasketi ya silinda hedi ikiungua ndipo utakapojua bei ya ukuta.

Muziki weka, nani anakukataza? Ila waya wa sabufa uwe na fyuzi karibu na betri, usije ukaunguza gari na watoto wamo ndani. Na zile balbu nyeupe za xenon unazochomeka kwenye taa zisizoundwa kwa ajili yake, ziondoe. Mwanga wake hutawanyika na kumpofusha anayekuja mbele. Usiku kati ya Natta na lango la Fort Ikoma nyumbu na pundamilia hukatiza barabara, huku kwetu ni ng'ombe. Aliyepofushwa na taa zako hatawaona, na huenda mtu huyo ni mjomba wako.

Najua mwisho wa ndoto yako ni 1JZ-GTE, ile ya lita mbili na nusu yenye turbo, nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke hadi mwaka 2004. Sitakuzuia. Lakini injini hiyo ikiingia na breki zikabaki za zamani, umejichongea jeneza. Na namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha, nenda TRA wakaibadilishe kwenye kumbukumbu, na mtu wa bima umwambie. Ukipata ajali na karatasi zinasema kingine, utabishana nao ukiwa kitandani hospitalini.

Mmoja wenu ameniandikia kwamba aliuza ng'ombe wawili wa mahari ya mdogo wake ili anunue bodikiti. Nilisoma barua hiyo mara mbili. Mwanangu, mchuma janga hula na wa kwao. Mdogo wako ana mchumba anayesubiri, na wewe una bampa ya plastiki. Nenda ukakae na baba, useme ukweli, uanze kurudisha hata kwa ndama mmoja. Watakufokea. Vumilia, ni haki yao.

Na wewe mwenye rimu chini ya kitanda, ziuze mbili au zote, ununue pedi za breki, shokapu na matairi mapya. Kesho alfajiri, injini ikiwa baridi, fungua boneti upime oili na maji. Ukirudi ndani, mwambie mkeo bei uliyozinunulia, yote, bila kupunguza hata shilingi.